Mlango Usiohesabu

Bi Tatu alifika ofisini kwa Kombo na orodha ya mapendekezo kumi na mawili. Kombo ndiye aliyeunda ule mchezo wa mafumbo wa kwenye simu, ambao wachezaji wenyewe hutunga hatua zake kwa kuandika amri.

“Mengine yaache,” Bi Tatu alisema. “Niongezee hili moja tu: amri ya mlango kungoja.”

“Mbona mlango unangoja, mama? Sekunde kumi. Zikiwa chache, andika sitini.”

“Niliandika sitini kwenye hatua niliyomtungia mume wangu. Akaziona, akajua nimemwonea huruma. Siku tatu hakugusa simu.”

Alimwonyesha kwa kidevu mumewe, Mzee Faki, aliyeketi kwenye benchi la nje. Zamani mabingwa wa bao walikuwa wakimkwepa. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kwa kiharusi.

Kombo alisonya. “Mchezo bila muda si mchezo.”

Hata hivyo alivuta kiti, akaanza kuandika. “Haya. Mlango usihesabu. Ujifunge akishapita.”

“Na ujifunge kwa kishindo,” Bi Tatu alisema, “kama uliomkosakosa.”

Kombo alimtazama kidogo, kisha akaongeza kishindo.

Walimpelekea mzee simu. Kidole chake kilianza safari kuelekea kitufe, kikapotea, kikarudi. Kombo alifungua kinywa amwambie asiwe na haraka.

“Nyamazeni!” Mzee Faki alifoka. “Mtanichelewesha.”

Kidole kilikuwa kimefika nusu ya kioo, kikitetemeka, na mlango ulikuwa bado wazi.