Jiwe Refu la Mpakani

Hii ni fupi, nisikilizeni. Ngiri waliishi mlimani na fuko bondeni, kila upande na baraza lake. Kila masika walizibua mtaro wa barabara, kila upande ukaishia kwenye jiwe refu la mpaka, maana kuligusa ni ugomvi. Na kila masika barabara ilifurika pale pale.

Mwaka huo Mwenyekiti Ngiri alikuja mbio, pembe mbele.

“Nani kang’oa jiwe letu?”

“Mimi, Mwenyekiti,” akajibu Bi Fuko, matope hadi puani. “Lilisimama katikati ya mtaro, likazuia maji.”

“Bila kikao?”

“Mkeo alikwama na watoto, maji yamemfika kifuani. Ningeitisha kikao saa ngapi?”

Ngiri akageuka. Maji yalikuwa yamepungua, na mkewe alikuwa akivuka na wanawe, mikia juu.

Akamgeukia Bi Fuko. “Ahsante sana, dada. Na mimi kila mwaka nalipaka jiwe hilo chokaa!”

Kisha akalisukuma jiwe kwa pua hadi likalala juu ya mtaro, kama daraja.

“Pita wewe kwanza,” akasema.