Sauti ya Marehemu Ambakisye

Siku hizi hakuna anayefungua Biblia. Kila nyumba husomewa Neno na marehemu wake, kwa kifaa cha sikioni kinachoiga sauti yake, na kila msikilizaji kwa lugha yake. Marehemu Ambakisye alikuwa akimsomea mjane wake kwa Kinyakyusa. Binti yao Tusekile, aliyekulia mjini, alisomewa Kiswahili kilichonyooka ambacho baba yake hakuwahi kukiongea akiwa hai. Katika sauti ile, kikohozi tu ndicho kilichokuwa cha baba yake kweli.

Asubuhi moja Tusekile alimkuta mama yake amekaa kitandani, amevaa kitenge cha kanisani, mkoba mapajani. Uji ulikuwa umepoa bila kuguswa.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Baba yako ananiita. Amesoma pale Bwana anapowaita waliochoka waende wakapumzike. Kisha akataja jina langu."

"Aya ile haina jina la mtu, Mama."

"Nimemsikia, mwanangu."

Tusekile akamvua kifaa, akakivaa mwenyewe ili amwonyeshe kwamba amekosea. Aya ikasomwa, ikaisha. Kikafuata kimya, halafu kile kikohozi.

"Tusekile," baba yake akasema taratibu. "Na wewe umechoka."

Tusekile akaketi kitandani, kando ya mama yake.