Mgongo wa Sanamu

Kitambaa kilichofunika sanamu kilipoanguka, watu waliojaa uwanjani walipiga makofi. Bi Mashavu hakupiga. Yeye ndiye aliyeombwa akivute, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki kati ya wanawake waliolima mashamba wakati wa vita. Mbele, sanamu ilimpendeza: mwanamke wa shaba, kimo cha mtu, ameinua jembe. Akaizunguka kwa mkongojo wake, na alipofika nyuma akasimama.

"Mgongo mtupu," alisema.

Mkuu wa mji akamsogelea. "Kuna kasoro, bibi?"

"Tulilima na watoto mgongoni. Wanaume walikuwa vitani, nani wa kumwachia? Msimamizi alisema hakuna kunyonyesha mpaka mtu amalize ngwe yake, askari wanangoja unga. Wangu alilia sana, halafu akanyamaza. Mimi nikashukuru, nikadhani amelala. Nikamaliza ngwe."

Mkuu wa mji akaikunja hotuba yake taratibu.

Bi Mashavu akainama, akaokota kile kitambaa, akakikung'uta vumbi. Alikipitisha mgongoni mwa sanamu na kukifunga kifuani kwa fundo la mbeleko. Hakukikaza. Kisha akapeleka kiganja nyuma, pale ambapo mtoto angekaa, akapigapiga polepole kama anayembembeleza alale.

Makofi yalikuwa yamekwisha. Bendi ilingoja ishara, na hakuna aliyeitoa.

Upepo ukaingia ndani ya mbeleko, ukaijaza.