Mzuka Ambaye Hakufika

Nankya alikuwa tayari jukwaani, Ijumaa alasiri katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Ruwi, aliponong'onezwa kutoka nyuma ya pazia kwamba mwenzao Mkenya, aliyepaswa kuigiza mzuka, amezuiwa kazini.

Mchezo wao, kikundi cha wafanyakazi wa ughaibuni, ulitokana na hadithi ya kale ya Kiingereza. Yaya anaona mzuka wa marehemu mlangoni, na nyumba nzima inasema hakuna mtu. Nankya mwenyewe alikuwa yaya huko Sib, na bibi wa nyumba aliyofanyia kazi, aliyempa ruhusa ya Ijumaa hiyo moja tu kwa shingo upande, alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Angeweza kuomba radhi, pazia lifungwe. Badala yake akaugeukia mlango mtupu.

Hakupiga kelele. Kidevu chake kilipanda polepole, kama cha mtu anayemtazama aliye mrefu kuliko yeye. Kisha macho yake yakaanza kusogea, hatua kwa hatua, yakimfuata asiyekuwepo hadi katikati ya viti. Watu wakakunja miguu kumpisha.

Mchezo ulipokwisha, bibi alimwendea, akamshika mikono yote miwili.

"Hadithi hii nimeitizama kwenye filamu tatu, mwanangu. Zote zilinionesha mzuka, na sikuogopa hata mmoja. Nani yule aliyepita mbele yangu leo?"

"Hakuwepo mtu, Bibi. Mwenzetu hakufika."

Bibi akamtazama usoni.

"Basi Ijumaa zote ni zako," alisema, bado hajamwachia mikono.