Mkasi wa Mgeni Rasmi

Mashine ya kupima saratani ya matiti ilikaa katika chumba cha hospitali tangu masika, mlango umezungushiwa utepe mwekundu, ikimsubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Asubuhi hiyo Bi Chausiku, mgonjwa, alirudi tena kuomba apimwe. Uvimbe wake sasa ulionekana hata ndani ya kanga.

"Mheshimiwa ameahirisha tena," mganga mkuu alimwambia Daktari Namsifu, mtafiti aliyehangaika mpaka mashine ikaletwa. "Tuvumilie."

"Na uvimbe nao umeahirisha?"

Akanyakua mkasi wa sherehe kwenye sinia. Ulikuwa butu, haukukata kitu. Akautupa, akauinamia utepe, akaung'ata mpaka ukakatika.

"Sasa Mheshimiwa akija atakata nini?" mganga mkuu alifoka.

Daktari alimgeukia, nyuzi nyekundu zimenasa menoni mwake.

"Bi Chausiku," alisema bila kumwondolea macho mkubwa wake, "ingia."