Nguo Iliyomeza Jua

"Hivi mwenzangu, umewahi kuligusa hilo gauni lako ukitoka juani?" jirani alimuuliza mjane siku moja wakianua nguo.

Mjane alijigusa begani, akautoa mkono upesi. Gauni jeusi lilikuwa linaunguza kama pasi.

"Na mkwe wako alikuwa fundi bati," jirani akaendelea kwa sauti ya chini. "Macho yamekwenda, mikono bado ipo. Si ndiye aliyetukataza kupaka paa lami? 'Bati linalong'aa hulirudisha jua lilikotoka. Jeusi hulimeza lote, mkapikika humo ndani kama viazi.' Sasa kila mchana unatoka kuanika, unampa bega umwongoze mezani. Unadhani kiganja chake hakijui rangi?"

Mjane akaketi juu ya ndoo.

Moyo wa mzee ulikuwa mbovu. Daktari alishasema: habari ya ghafla itamwondoa. Ndiyo maana mwanawe wa pekee alipofia njiani na lori lake, walimpeleka mzee kwa dada yake mpaka mazishi yakapita, wakamwambia kijana amepata safari ndefu. Tangu hapo nyumba nzima ililia kimya kimya, nyuso zikiwa kwenye mito.

"Bado hajapiga simu?" mzee huuliza.

"Huko aliko hakuna mtandao, Baba."

Kisha mjane humwomba Mungu msamaha kwa uongo huo, na kesho yake huusema tena.

Jioni ile alilikunja gauni jeusi, akalisukumiza chini kabisa ya sanduku. Alijiona kama anamzika mumewe mara ya pili. Lakini angefanyaje? Aliyekufa ameshapumzika, aliye hai ndiye wa kulindwa.

Kesho yake akavaa jeupe, lile la kwendea ibadani. Alipomaliza kuanika alisimama juani makusudi mpaka jasho likamtiririka, kisha akajipapasa. Kitambaa kilikuwa vuguvugu tu. Akashukuru, akaenda barazani, akainama.

"Chakula tayari, Baba. Bega hili hapa."

Mzee akaweka kiganja. Akakisogeza kidogo, polepole, kama anayetafuta kichwa cha msumari juu ya paa.

"Leo umevaa nyeupe, mwanangu."

"Ndiyo, Baba," alijibu, pumzi ikimshuka.

"Basi matanga yamekwisha." Mzee alitikisa kichwa. "Nami siku zote hizi nangoja tu mtu aniambie mwanangu amelazwa wapi."

Akauondoa mkono begani mwake, akapapasa ukuta mpaka akalipata lango, akatoka.