Mgonjwa wa Mtihani

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, anaukanda mguu uliovimba. Daktari alimpa shikamoo, akavuta pazia, akanawa mikono.

Huu ulikuwa mtihani wake wa mwisho wa ubingwa, na alikuwa anaufanya kwa mara ya tatu. Chama cha madaktari hakina mchezo: ukianguka mara tatu, kwaheri, ubingwa utausikia kwa wenzako. Mara zote mbili alikosea jambo lile lile, kuhangaika na mtahini akamsahau mgonjwa. Safari hii aliapa hababaiki. Hata kioo kikubwa cha ukutani hakukitupia jicho. Watahini na wakae huko huko nyuma ya kioo na kalamu zao.

Mzee alifungua kinywa aseme neno. Kipimajoto kikaingia.

"Tulia, baba," daktari alimwambia. "Zamu yako ya kusema inakuja."

Ilipokuja, mzee alijibu alichoulizwa tu, tena shingo upande. Ndiyo, ngazi zinamkata pumzi. Ndiyo, usiku analalia mito mitatu. Dawa? Anajipa mwenyewe, za tumbo. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba wanaojitibu wenyewe ndio wanaowapa kazi wachimba makaburi. Kisha akamsikiliza kifua, mbele na mgongoni, akarudia, na uso ukambadilika.

"Baba, hili si tumbo. Moyo wako umechoka. Leo hurudi nyumbani, unalazwa."

"Una hakika gani?" Sauti ya mzee ilikuwa imepungua.

"Mwongozo wa chama unasema mzee akivimba miguu, sikiliza moyo kwanza. Mwenyekiti wetu alibishana na wenzake miaka minne mpaka ukapita. Wewe unataka kubishana naye leo?"

Mzee alifikiri kidogo, akasema hapana, huyo hamwezi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia bwana mmoja aliyevaa gauni la hospitali, anahangaika na kamba za mgongoni.

"Samahani, Mwenyekiti," alimwambia mzee. "Chooni kulikuwa na foleni. Nilale hapo nipimwe?"

Mzee alijaribu kuvaa kiatu. Kikagoma.

"Nenda nyumbani, bwana," alisema. "Mgonjwa ameshapatikana. Na bingwa pia."